Mandolini ya babu iliyopigwa rangi ya gari: ni Gibson ya kweli, na ina thamani gani?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tukuyu. Nimerithi mandolini, kile kigitaa cha nyuzi nane, ya marehemu babu, ambaye aliipata Chunya kwa Mzungu mmoja enzi za machimbo ya dhahabu ya Lupa. Ndani kuna lebo iliyoliwa na wadudu, lakini bado yanasomeka Gibson, Kalamazoo, mtindo A, na namba ya tarakimu tano inayoanza na 58. Miaka ya themanini baba mdogo aliipeleka gereji Mbeya mjini ikapigwa rangi nyeusi ya gari, baadaye akaitoboa kifuani na kuweka pikapu ya gitaa ili isikike kwenye bendi. Funguo za kukazia nyuzi ni za gitaa, daraja la kubebea nyuzi limechongwa kwa mninga, na kifuniko cha kule mkiani zinakofungwa nyuzi hakipo. Mnunuzi kutoka Dar ameiona akasema ni feki: kichwani haina jina, shingoni haina chuma, na tundu lake ni la umbo la yai badala ya yale mawili yenye umbo la f. Hata hivyo yuko tayari kunipa shilingi 150,000. Seremala jirani yangu anasema niipige msasa, niirudishie vanishi, kisha niiuze dola laki moja kwa sababu Gibson za zamani ndivyo zinavyouzwa. Nimsikilize nani? Halafu nyuzi za mandolini Mbeya hazipatikani, nitumie zipi? Nimeambatanisha picha.

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usimsikilize yeyote kati yao, na tafadhali msasa usiguse kabisa chombo hicho mpaka umalize kusoma. Kwa picha ulizotuma, naamini una Gibson ya kweli ya karibu mwaka 1920. Si ile ya dola laki moja na haitakuwa kamwe. Ila ni mandolini nzuri ya kiwanda, yenye uso uliochongwa, na sehemu kubwa ya yale iliyofanyiwa haijagusa roho yake.

Nianze na huyo mnunuzi, maana sababu zake tatu zinasikika za kitaalamu. Anazijua Gibson, lakini anazijua za baada ya 1922. Mwaka huo kiwanda cha Gibson cha Kalamazoo, kule Michigan, Marekani, kilitoa mandolini ya F-5, yenye matundu mawili ya umbo la f kama ya fidla. Aliyesimamia kazi hiyo ni Lloyd Loar, aliyekuwa kiwandani tangu 1919 hadi mwisho wa 1924, na vyombo vya ngazi hiyo vilibandikwa lebo yenye sahihi yake na tarehe. Bill Monroe, Mmarekani aliyeupa umaarufu muziki wa bluegrass, alipiga F-5 ya 1923, na tangu hapo dunia nzima inazisaka. Hizo ndizo zinazovuka dola 100,000, na hapo ndipo seremala wako alipoisikia hiyo laki moja. Yako ni ya ukoo huohuo, ila ni ya tawi lingine na ya miaka kabla.

Kabla ya F-5, mandolini za Gibson zilikuwa na tundu moja tu katikati. Kwa hiyo tundu la yai kwenye chombo cha 1920 ndilo linalotakiwa. Ungeniletea yenye matundu ya f na namba ya 58 elfu ningekuwa na wasiwasi. Chuma cha kunyooshea shingo nacho kilianza kuingizwa karibu 1921 na 1922. Namba yako, kwa majedwali ambayo mafundi wengi hutumia kukadiria umri, inaangukia 1920. Shingo isiyo na chuma inaafikiana nayo kabisa. Na jina kichwani: mtindo A wa kawaida ulikuwa wa ngazi ya chini, na miaka hiyo ulitoka kiwandani kichwa kikiwa kitupu. Lulu na maandishi waliwekewa wakubwa zake, A-4 na F-4. Anayetengeneza feki huweka jina kubwa kichwani, kwa sababu ndilo mnunuzi analolitafuta kwanza.

Kwa hiyo hoja zote tatu alizotumia kuikataa ni hoja za kuikubali. Kama alijua hilo au hakujua, siwezi kusema. Lakini mtu anayetoa fedha kwa kitu alichokiita feki, mwulize mara ya pili anachokitaka ni nini.

Sasa, lebo peke yake haitoshi. Karatasi hubanduliwa na kubandikwa kwingine, na siku hizi huchapishwa. Mimi huangalia kwanza vile visivyohamishika. Kwa bahati, pikapu ya baba mdogo imetufungulia dirisha. Kwenye picha yako ya nne uliyopiga kwa karibu, ukingo wa tundu alilolikata uko wazi, na ukiukuza unaona tabaka moja baada ya lingine: nyeusi juu, chini yake uzi mwembamba wa kijivu, ambao ni praima ya gereji, kisha mstari wa rangi ya asali iliyoiva, halafu mbao. Mbao yenyewe ina mistari ya nyuzi iliyonyooka inayoshuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini bila kukatika. Hiyo ni mbao kamili ya sprusi, mti wa jamii ya misonobari ya nchi za baridi, iliyochongwa ikatuna. Chombo cha bei rahisi cha uso wa plaiwudi kingeonyesha karatasi tatu za mbao, ya katikati ikiwa imelala kinyume. Yako haina hilo. Na ule mstari wa asali, Mwalimu, umenifurahisha kuliko kitu kingine chochote kwenye picha zako, nitaurudia.

Yapo mengine ya kuangalia ambayo picha hazinionyeshi. Legeza nyuzi zote, chukua kioo kidogo cha mfukoni na tochi ya simu, uingize mwanga kwenye tundu la yai. Chini ya uso, karibu na tundu hilo upande wa daraja, utafute ubao mmoja mwembamba uliolala kukatiza, bega hadi bega. Gibson za tundu la yai zilijengwa hivyo. Ukikuta mbao mbili ndefu zinazokwenda kwa urefu, au mbao zilizosambaa kama za gitaa, niandikie tena kabla hujafanya lolote. Ukiwa hapohapo, angalia kitalu cha mbao ambapo shingo inaingia mwilini. Mara nyingi pana namba ya pili, fupi kuliko ya kwenye lebo, iliyogongwa kwa wino au kuandikwa kwa penseli. Hiyo ni namba ya fungu la kazi kiwandani, na waghushi wengi hawajui hata kama ipo. Ipige picha hata kama imefifia.

Pima pia kwa rula kutoka kile kipande cha juu kinachopitisha nyuzi hadi freti ya 12, yaani kijichuma cha kumi na mbili kinachokatiza ubao wa vidole. Iwe karibu sentimita 17.6, kwa sababu urefu wote wa uzi kwenye chombo hiki ni kama sentimita 35.2. Kisha hesabu vitone vya ubao wa vidole: mandolini ina kitone kwenye freti ya 10, gitaa huwekewa ya 9. Ubavuni mwa ubao huo, upande wa nyuzi nyembamba, pitisha ukucha utafute vitundu vya pini. Zamani palikuwa na kibao cha seluloidi (plastiki ya zamani) cha kuukinga uso usichunwe, kilichoinuliwa juu ya mbao na kushikwa kwa pini na kibanio. Kibao kimepotea, kama ilivyo kwa nyingi, lakini vitundu havipotei. Hata rangi ya gari huviziba nusu tu. Ukingo wa uso wa mtindo A ulikuwa na utepe wa seluloidi nyeupe, na mgongoni hapakuwa na utepe. Kwenye picha zako naona mwinuko mdogo chini ya rangi nyeusi kuzunguka uso tu. Inakaa vizuri.

Ukiridhika na hayo, uhalisi wa mwili hauna ubishi. Kinachobaki ni ubishi wa bei, na bei inakwenda na kilichobadilishwa.

Funguo zisikusumbue. Asili zilikuwa nne upande huu na nne upande ule, kila kundi kwenye bamba moja la chuma, zenye vishikio vya rangi ya pembe. Fundi aliyefunga za gitaa alizifunga moja moja, akapanua matundu. Matundu yaliyopanuliwa huzibwa kwa vipande vya mbao na kutobolewa upya, na funguo za mabamba kwa mtindo wa zamani bado zinatengenezwa na kuagizwa kwa bei ya kawaida. Kifuniko cha mkiani vilevile hupatikana. Daraja la mninga ni kazi safi na sitaki ulitupe. Asili lilikuwa la mpingo, kipande kimoja, kwa sababu lile la magurudumu ya kupandisha na kushusha lilipewa hataza Januari 1921. Mninga ni mwepesi kuliko mpingo na huenda sauti yako ni laini kidogo kwa sababu hiyo, jambo ambalo kwa kwaya si ubaya.

Rangi ndiyo kesi kubwa. Biashara ya vyombo vya zamani ina kanuni kali: chombo kilichopakwa upya hukatwa karibu nusu ya bei, hata kama rangi mpya inang'aa vipi. Wengi wanaona ni ukatili, mimi naielewa. Vanishi ya kwanza ndiyo inayomhakikishia mnunuzi kwamba mbao haijakwanguliwa, na ndiyo yenye mikwaruzo ya miaka mia ambayo hakuna fundi anayeweza kuirudisha. Ndiyo maana ule mstari wa asali ukingoni mwa tundu ni habari njema. Maana yake aliyepiga rangi hakukwangua hadi mbao. Alipaka praima juu ya vanishi ya zamani, labda baada ya kuipitishia msasa kidogo tu. Ya asili imelala chini, pengine yote.

Sasa fikiria msasa wa jirani yako ungefanya nini. Uso wa mandolini hii umechongwa mnene katikati na mwembamba karibu na kingo, na unene huo ndio sauti yenyewe. Msasa haujui pa kusimama. Ungeondoa nyeusi, ukaondoa kijivu, ukaondoa asali, ukaanza kula sprusi. Ungebaki na chombo chepesi, chenye vanishi ya dukani, ambacho hakuna mjuzi angekigusa. Thina nayo usiijaribu, hata kwa pamba kwenye kona. Inayeyusha rangi ya gari, ndiyo, lakini itayeyusha pia vanishi iliyo chini na kuulainisha ule utepe wa seluloidi mpaka ubonyee. Hata spiriti tupu ni adui hapa, kwa sababu vanishi ya Gibson ya miaka hiyo ilikuwa ya jamii ya shelaki, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Bunduki ya hewa moto inayotumika kubandulia rangi ndiyo mbaya kuliko zote: seluloidi hushika moto haraka, na viungo vyote vimefungwa kwa gundi ya ngozi ambayo joto huiachisha.

Jaribio moja unaweza kulifanya mwenyewe bila madhara. Fungua skrubu za kile chuma cha mkiani kinachoshika nyuzi, ukiinue taratibu. Wapiga rangi wa gereji mara nyingi huziba vyuma kwa karatasi badala ya kuvitoa, kwa hiyo chini yake unaweza kukuta kipande cha vanishi ya 1920 kilicho salama. Usiku, zima taa, ukimulike kwa ile taa ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Shelaki ya zamani hutoa mwanga wa rangi ya chungwa. Ukiuona, niandikie, maana hapo swali la kuiondoa nyeusi linakuwa na maana, na hata hivyo ni kazi ya fundi mzoefu anayekwenda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Usipouona, iache nyeusi. Chombo cheusi kinachopigwa kanisani ni bora kuliko kilichokwanguliwa.

Tundu la pikapu halirudishwi. Linaweza kuzibwa kwa kipande cha sprusi ambacho mistari yake imelinganishwa na ya uso, lakini mwenye jicho ataliona, na bei ilishashuka siku lilipokatwa. Ninachokuomba ni lisizibwe kwa fila ya bodi za magari wala araldaiti. Kama pikapu bado inafanya kazi, iache palepale. Kuing'oa hakukupunguzii hasara hata senti moja, na kwaya yako ina siku za mikutano ya nje ambapo utaihitaji. Na mtu asimlaumu baba mdogo. Mandolini ya tundu la yai, kwenye bendi yenye magitaa ya umeme na ngoma, haisikiki hata kwa mpigaji mwenyewe. Bila pikapu ile huenda ingeishia darini ikaliwa na panya.

Kitu kimoja nakihofia kuliko tundu, nacho rangi nyeusi inaweza kuwa inakificha: nyuma ya shingo, pale kichwa kinapoanzia. Weka chombo karibu na dirisha asubuhi, ulaze mwanga upite ubavuni, uangalie kama kuna mstari unaokatiza. Kichwa kilichowahi kuvunjika na kuunganishwa kinaweza kudumu miaka mingi, lakini kinakata bei tena, na mnunuzi wa mbali atakuuliza hilo kabla ya yote.

Kuhusu fedha. Gibson ya mtindo A ya miaka hiyo, ikiwa na vanishi yake, funguo zake na kifuniko chake, Marekani huuzwa dukani kati ya dola 1,000 na 2,000, kutegemea hali. Ni nyingi, zilitengenezwa kwa maelfu wakati vikundi vya mandolini vilipokuwa vimeshamiri kule, na ndiyo maana hazipandi kama F-5. Yako kata nusu kwa rangi, kata tena kwa tundu la kifuani, punguza kidogo kwa funguo na vilivyopotea. Mimi naiweka kati ya dola 300 na 600 kwa mnunuzi anayejua, na ukikuta vanishi hai chini ya chuma cha mkiani, karibu na ile ya juu. Ondoa gharama ya kuisafirisha na asilimia ya dalali. Shilingi 150,000 za mnunuzi wako hazifiki hata dola mia. Ukiamua kuuza, usiuze kwa mtu anayeanza kwa kuita mali yako feki.

Bei hiyo, hata hivyo, ni ya soko la mbali. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini sijui utapata wapi mandolini ya mbao kamili, iliyokauka kwa miaka mia, kwa fedha hiyo. Ukienda madukani na dola 400 utapata mpya ya kiwandani, isiyoikaribia sauti ya hiyo. Ushauri wangu ni uibakize, na sisemi hivyo kwa ajili ya kumbukumbu ya babu peke yake, ingawa nayo ina uzito. Na ukipata picha yoyote ya zamani ya babu akiwa ameishika kabla ya rangi ya gari, itunze pamoja na chombo. Hata ikiwa nyeusi na nyeupe itaonyesha utepe wa ukingo, kibao cha seluloidi na umbo la funguo. Ushahidi wa namna hiyo fundi wa baadaye atauhitaji kuliko maneno yangu. Waulize wazee pia jina la yule Mzungu wa Lupa na uliandike. Machimbo yale yalivuta wageni kutoka nchi nyingi miaka ya 1930, na chombo cha Marekani kufika Chunya si ajabu hata kidogo.

Tukuyu mvua ni nyingi na gundi ya ngozi haipendi unyevu, kwa hiyo usiitundike ukuta wa nje. Wala usiiweke jikoni juu ya moto ili ikauke. Joto la ghafla baada ya unyevu ndilo linalopasua uso. Sanduku lenye kifuniko, chumba cha ndani, inatosha.

Uliuliza mwishoni kuhusu nyuzi, kwamba za mandolini Mbeya hazipatikani. Nunua seti mbili za gitaa la umeme zinazoanzia 10 (namba hizi ni unene wa uzi). Kutoka kila seti chukua ya 10, ya 13, ya 26 na ya 36, uziweke mbili mbili: ya 10 iwe E, ya 13 iwe A, ya 26 iwe D, ya 36 iwe G. Ncha yenye kidude cha shaba ishike kwa koleo, ukivunje kidude hicho, kitabaki kitanzi kinachoingia kwenye ndoano za mkiani. Zikikazwa zote nane, zinavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 60, na uso wako umetobolewa. Kwa hiyo panda taratibu: siku ya kwanza kaza kila uzi sauti moja nzima chini ya noti yake, uiache ilale hivyo, kesho yake upandishe. Kisha weka rula juu ya uso, kati ya tundu la yai na daraja. Kama pamebonyea kuliko kwenye picha ulizonitumia, shusha nyuzi zote siku hiyohiyo, badilisha kwa seti inayoanzia 9, na unitumie picha nyingine ya pale daraja lilipokaa, iliyopigwa kutoka ubavuni.